Kibuyu Kilichooshwa

Harufu ya kibuyu cha mursik, ule moshi wa kijiti kilichochomwa uliochanganyika na uchachu wa maziwa, hunirudisha Dundori nilikokulia, hata nikiwa sitaki. Huniuma, nawaambia ukweli.

Shamba letu lilipakana na la Mama Cherono, Mkalenjin pekee upande wetu. Yeye na mama yangu, Mkikuyu asiyejua kukaa bila kazi, walipendana kama waliozaliwa tumbo moja. Mama akichimba viazi, ndoo ya kwanza ilivuka ua. Naye Mama Cherono, ng'ombe wake akizaa, alituletea mursik, maziwa yao ya mgando yenye unga wa mkaa, tukainywa mpaka midomo ikabaki na madoa ya mkaa.

Siku moja aliyaleta maziwa katika kibuyu alichoachiwa na marehemu mama yake, chenye kifuniko cha ngozi na shanga. Tulipokimaliza, mama alichungulia ndani akaona weusi mtupu.

"Ngai! Chombo cha mwenyewe hakirudishwi hivi."

Kwa usafi mama alikuwa askari. Hata jembe la kuazima alilirudisha liking'aa. Akatia maji moto, sabuni na kokoto, akatikisa mpaka jasho likamtoka. Maji yalitoka meusi, baadaye ya kijivu, mwishowe safi kabisa. Nakumbuka alivyotabasamu.

Mama Cherono alikipokea kwa mikono miwili, akakinusa. Akakifunika polepole.

"Haya. Asante, Mama Wanjiru."

Kwao mtu mzima hakumwaga uchungu wake mbele ya jirani. Kwetu, aliyekosewa husema. Basi mama, alipoona jirani amejitenga, akangoja aambiwe kosa lake, na hakuambiwa kitu. Mursik haikuja tena. "Anaringa na ng'ombe wake," mama alisema, ingawa kila msimu aliijaza ile ndoo ya viazi, akaitazama, kisha akaimwaga tena guniani. Mwishowe Mama Cherono na watu wake waliuza shamba wakahama. Hata uzeeni mama aliniuliza, "Kwani nilimkosea nini yule?"

Nilikua, nikasomea mila za watu mpaka nikawa ninawafundisha wengine, na bado sikuwa na jibu. Usilolijua ni usiku wa giza. Juzi tu, huko Rongai, nilimkuta mama mmoja Mkalenjin akisugua ndani ya kibuyu kwa kijiti chenye kaa la moto. Nikamtania, mbona hatumii sabuni?

"Sabuni? Aai! Hiyo kibuyu imekufa," alisema. "Hiyo nyeusi ndiyo inaweka maziwa vizuri. Na jirani akikuoshea na sabuni, si anakuambia maziwa yako ni uchafu?"

Nilishindwa hata kumuaga vizuri. Njia nzima nilikuwa nikiongea na mama yangu: hukumkosea, mama, ulimheshimu kikwetu, naye akahisi ametukanwa kikwao. Nilimwambia yote hayo, na kaburi lake lilikuwa bado halijaota nyasi.