Kishikio cha Tarumbeta

Mtaani wanamwita Waya, na jina limemkaa. Anatengeneza redio, pasi, feni na chochote kilichowahi kupitiwa na umeme, na akishashika bisibisi husemi naye mpaka aiweke chini. Hakuolewa. Ukimuuliza sababu, naye atakuuliza feni yako ina shida gani.

Baba yake alipiga kinanda cha kanisa, kile kikubwa kinacholia kwa upepo kupita kwenye mabomba, tangu ujanani. Mwaka jana mabomba yaliliwa na kutu, mifuko ya upepo ikapasuka, kinanda kikanyamaza. Mchungaji akaleta kompyuta yenye sauti za kinanda kikubwa, unazichagua kwa kugusa kioo. Mzee akaweka ngumu. Macho yake yalishabaki kuona ukungu tu, na kioo hakina mahali pa kupapasa. Akajifungia nyumbani, anakula kidogo, analala sana. Waya aliogopa. Aliona wazi kwamba baba akiendelea hivyo, atamzika.

Basi akaingia kazini. Vile vishikio vya mbao vilivyo ubavuni mwa kinanda, vya kuvuta ili sauti fulani itoke, akavifungua kimoja kimoja. Nyuma ya kila kimoja akabandika sumaku ndogo na swichi, akapeleka nyaya hadi kwenye kompyuta: ukivuta cha filimbi, kompyuta inatoa filimbi. Vibao vya vidole navyo vivyo hivyo. Akaongeza na springi, maana mzee alizoea vishikio vigumu. Kimoja, cha tarumbeta, alikuta fimbo yake ya ndani, ya kufungulia sauti, imekatika zamani. Mwingine angekiacha. Waya haachi kitu kimekufa, nacho akakiunganisha.

"Nakuja kusikiliza tu," baba alimwambia alipomwita kanisani. "Mimi hilo dubwana lenu siligusi."

"Sawa, baba. Sikiliza tu."

Mzee alifika, akaketi palepale pake, mbele ya kinanda. Kwa mazoea akavua kofia, akavuta kishikio cha tarumbeta, akaitundika hapo. Kumbe miaka yote kile kilikuwa kigingi chake cha kofia! Kabla Waya hajafungua mdomo, vidole vya mzee vilishatua kwenye vibao, navyo havikuomba ruhusa. Tarumbeta ikalipuka kanisa zima. Mchungaji, aliyekuwa mlangoni, akadondosha funguo.

Mzee aliondoa mikono haraka. Waya alijua ameharibu kila kitu.

"Nisamehe, baba. Hiyo naikata sasa hivi."

"Unakata nini?" Mzee alikipapasa kishikio. "Sauti hii ilikufa kabla sijamwoa mama yako. Nilikuwa namwambia, iko moja hujaisikia. Anacheka, ananiuliza nitaitengeneza lini. Mpaka anaondoka duniani, bado ananiuliza."

Waya alitazama benchi la mbele, alipokuwa akikaa mama yake. Ilimuuma.

Mzee akaitungua kofia, akamnyooshea.

"Nishikie," akasema, kisha akavuta na kishikio cha filimbi.