Muhindi Bila Chumvi

Kila msimu, mama yangu alikuwa anakula muhindi wa kwanza wa shambani kwake bila chumvi. Sisi wengine tulinyunyiza chumvi, tukamtania kwamba ana masharti kama aliyetoka kwa mganga. Yeye alitafuna tu. Shamba lenyewe liko Rungwe Mpya, ekari mbili za udongo uliochoka, ambao usipoupa mbolea na wenyewe haukupi kitu. Mimi ni mwalimu, nakaa Kasulu mjini, na kwa miaka mingi nilimbembeleza aje tukae wote. Jibu lake lilikuwa lile lile: aje kwangu aangalie ukuta?

Kisha Urusi ikaivamia Ukraine. Redio ikawa vikwazo asubuhi, vikwazo jioni: hawa wamezuia benki na meli za wale, wale nao wamezuia mbolea yao isitoke. Nilisikiliza huku nasahihisha madaftari, nikajua ni mambo ya wakubwa huko. Nilipokwenda duka la pembejeo kumchukulia mama mifuko yake mitatu, bei ilikuwa haishikiki. Muuzaji alikuwa amekwisha kuchoka kuulizwa, akanionyesha redio yake kwa kidole. Nikatoka na mfuko mmoja, na hasira ambayo sikujua nimpelekee nani.

Tulipanda Jumamosi. Kwa kawaida tunapima mbolea kwa kizibo cha soda, kizibo kimoja kila shimo. Safari hii mama alisema nijaze nusu. Hata hivyo mfuko uliisha tukiwa katikati ya shamba, na upande wa chini tukafukia mbegu peke yake.

"Wamewafungia biashara ili iweje?" aliniuliza.

"Ili waache vita, mama."

"Ego," alisema, ndiyo yake ya Kirundi anapokuwa haamini. "Hata kwetu Burundi walifungiwa."

Hilo nilikuwa nalikumbuka. Jeshi lilipochukua nchi kule, majirani wakafunga mipaka, nchi hii tuliyokimbilia ikiwemo. Nilikuwa msichana, nimesimama nyuma ya watu waliozunguka redio, wote wakimbizi kama sisi, na wote walipiga makofi kwamba jeshi limekomeshwa. Mama alipiga kuliko wote.

Kilichofuata sikuwa nakijua, mpaka aliponisimulia pale shambani. Mtu mmoja aliyevuka kwa kujificha alimletea habari za bibi, mama yake, aliyebaki upande ule: anakula maharage bila chumvi, haipatikani. Mama akafunga chumvi kwenye kitambaa, akakosa mtu wa kumpa. Bibi akafariki huku mpaka ungali umefungwa.

"Wanajeshi walikuwa nayo, mwana wanje, mwanangu," alisema. "Chumvi haikuwapungukia hata siku moja."

Niliona aibu kwa utani wetu wote ule juu ya muhindi wake. Nikaendelea kufukia, mgongo unaniuma, na kwa uchovu tu nikamwambia: mama, mahindi yakikataa mwaka huu, utakuja Kasulu. Akakubali. Nadhani naye alikuwa amechoka.

Mvua ilikuja vizuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Upande wa juu ulitoa mahindi madogo. Wa chini uliishia magotini, majani yamegeuka zambarau. Alivuna kilichokuwepo bila kulalamika, na shamba tukamwachia jirani. Siku ya kuhama alifunga mlango mwenyewe, akasimama kidogo na jembe lake mkononi.

"Vita vya kwanza nilivikimbia nikisikia bunduki," alisema. "Hivi vimenitoa nyumbani na sijui hata viko upande gani."

Nilipokea jembe nikalipakia pamoja na vyombo.

Kwangu ana chumba chake, chenye dirisha zuri. Haombi kitu. Msimu uliofuata, mahindi mabichi yalipoingia sokoni, nilinunua, nikachemsha, nikamtengea muhindi wake pembeni bila chumvi. Sikutaka aniombe. Aliitazama sahani, kisha akanyoosha mkono kwenye kopo la chumvi.

"Mama, si huu ndio muhindi wa kwanza?"

"Wa kwanza ulikuwa wa shambani kwangu," alisema. "Huu ni wa kununua."

Akanyunyiza chumvi, akala.