Nilipewa dakika tatu kuwasemea wasagaji wa Kisugu, nikazimaliza kwa salamu

Wakuu. Leo salamu yangu inaishia hapo hapo, na mkisoma mpaka chini mtaelewa kwa nini.

Haya ni yangu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Nimebadilisha jina moja tu, la mama mmoja ambaye bado namwonea aibu.

Nipo Kampala, mtaa wa Kisugu. Kazi yangu kusaga mahindi. Nina kinu kimoja cha umeme, na tulikuwa wasagaji kumi na kitu tumejipanga barabara moja. Ukipita asubuhi ulikuwa unatukuta weupe wa unga mpaka kwenye kope.

Kiswahili changu ni cha kambini. Baba alikuwa askari, nimekulia kambi ya Mbuya, na kule mtoto alijua kumtambua afande kabla hajajua kusoma. Hilo liwekeni akilini, ndilo lililonimaliza.

Sasa, mwaka juzi tukaambiwa na serikali vinu viondoke kwenye makazi ya watu. Kelele, vumbi, majirani wamechoka. Kiukweli walikuwa na haki, hata wanangu walikuwa wanakohoa.

Tukaonyeshwa kiwanja nje ya mji. Kipana, kina uzio, kizuri tu. Shida ilikuwa umeme. Nguzo ziliishia barabarani, tena ni umeme mdogo wa kuwasha taa za nyumbani. Kinu kinataka three-phase, ule umeme mkubwa wa mashine. Bila hiyo hakizunguki, hata ukilia.

Hatukukataa kuhama. Nasema mapema maana humu kuna watu watasema wafanyabiashara tunapenda ukaidi. Ombi letu lilikuwa moja: three-phase ifike kwanza, na sisi tuhame siku hiyo hiyo.

Aliyelifupisha hivyo ni Mama Riziki. Mkongo wa Bukavu, mkimbizi, mjane, ana kinu kinachosaga mihogo na mahindi. Wakongo wengi wa huku walikuwa hawali unga wa mtu mwingine. Kuna watu wa mradi walikuja kutufundisha namna ya kuzungumza na serikali, siku mbili nzima, wakabandika makaratasi ukuta mzima. Mwisho Mama Riziki akaomba kalamu, akaandika mstari mmoja. Ndio huo hapo juu.

Halafu ukaja mwaliko. Mkutano wa majadiliano kati ya serikali na sekta binafsi, hotelini, kila kikundi mtu mmoja, dakika tatu.

Wenzangu walitaka aseme Mama Riziki. Mimi nikiwa mwenyekiti nikapinga. Nikasema ni mkimbizi, wakubwa wataanza kumuuliza vitambulisho badala ya kusikiliza habari ya umeme.

Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa naitamani ile maikrofoni. Aisee, niliitamani.

Mama Riziki hakubisha. Aliniambia tu, "Sawa, Chairman. Lakini anza na umeme. Ile mambo ya salamu, wengine watasalimia."

Nikacheka. Nikamwambia, mama, hii ni Uganda, wakubwa huwezi kuwarukia namna hiyo.

Kwa msiojua mambo ya huku: mtu akishika maikrofoni mbele ya wakubwa lazima awataje mmoja mmoja kwa vyeo, kwa mpangilio, na ole wako umruke mtu. Tunaita protocol. Mimi niliiandika kwenye karatasi na kuikariri siku tatu. Ombi sikulikariri, maana ni mstari mmoja, nani atausahau?

Zamu yangu ikafika. Suti ya kuazima, viatu vinang'aa. Nikaanza. Mheshimiwa katibu, waheshimiwa wabunge, wakurugenzi, viongozi wa dini, wahisani wetu. Mambo yanakwenda vizuri kabisa.

Mara mlango unafunguliwa, mgeni rasmi anaingia. Amechelewa. Ukumbi mzima ukasimama.

Mgeni rasmi mwenyewe ni mwanajeshi mstaafu, wa vyeo vya juu. Wakuu, sijawahi kuvaa gwanda maishani, lakini visigino viligongana vyenyewe. Nilijikuta nimesimama wima, mikono imenyooka ubavuni, maikrofoni iko kwenye paja. Kuna watu walicheka.

Alipokaa, MC akaniambia endelea. Mtu mwenye akili angeendelea. Mimi nikaanza upya! Protocol yote kutoka juu, na yeye nikimweka wa kwanza. Nikamshukuru kwa amani. Nikashukuru kwa barabara. Nikashukuru kwa kile kiwanja kizuri chenye uzio.

Nikavuta pumzi ili nitamke umeme. Kengele ikalia.

Nikasema, "Kwa hayo machache, asanteni." Wakapiga makofi, tena mengi. Mgeni rasmi aliniitikia kwa kichwa, na niwaambie ukweli mchungu, nilifurahi.

Ile karatasi ya Mama Riziki nilimpelekea katibu wa mkutano wakati wa chai. Akaniambia nitume soft copy kwa email. Nikatuma. Mpaka leo hajajibu.

Kosa hilo pengine mtanisamehe. Linalofuata sijui.

Nilirudi Kisugu jioni ile, wote wananisubiri. Mama Riziki akauliza, "Umesema?"

Nikajibu, "Nimesema. Tumesikika."

Kwa nini nilisema hivyo? Nimejiuliza mara nyingi. Aibu, na makofi yalikuwa bado yako masikioni. Nilidhani ile soft copy itaniokoa kabla mtu hajajua.

Mama Riziki aliniamini. Akahama wa kwanza, kabla hata hatujalazimishwa, ili apate nafasi karibu na geti. Aling'oa kinu chake, akajenga msingi wa saruji kule kiwanjani, akakifunga, akakifunika turubai. Akakaa kusubiri umeme.

Sisi tulihama mwisho kabisa, kwa amri. Waliokuwa na uwezo tukanunua injini za dizeli. Yeye uwezo wake wote ulikuwa umeshaingia kwenye ile saruji.

Baadaye muhtasari wa mkutano ulitumwa kwa vikundi vyote. Mtoto wake mkubwa, Riziki, anasoma Kiingereza vizuri, ndiye aliyemsomea. Sehemu yetu ilikuwa sentensi moja. Eti wasagaji wa Kisugu waliishukuru serikali na kupongeza eneo jipya.

Nilimkuta bado ameshika simu ya mwanae. Nilitegemea anitukane. Aliniangalia tu, akasema, "Chairman, hata neno moja?" Kisha akaingia ndani.

Misimu miwili ya mvua ilikipiga kile kinu. Mota aliiuza. Mashine yenyewe ilikwenda kama chuma chakavu, nikasaidia kuipakia kwenye gari.

Sasa hivi yuko Kasubi, upande mwingine wa mji, anapima unga kwa kikombe kando ya barabara. Unga uliosagwa na wengine.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kabisa. Nikakaa kwenye benchi lake, nikauliza habari za Riziki, za wadogo zake, za shule, za kanisa, za mvua. Akanijibu zote kwa upole. Mwisho akaweka kikombe chini.

"Chairman, sema kilichokuleta."

Bambi, masikini mimi, nikamuuliza bei ya unga. Akatokea mteja, naye akageuka kumhudumia. Mimi msagaji nikanunua unga kilo mbili, nikaondoka.

Funzo ndio hilo, wakuu. Ukitumwa kuwasemea watu mbele ya wakubwa, ombi lao litoke na pumzi yako ya kwanza. Wakubwa wanajijua vyeo vyao. Na kama umeshindwa, rudi uwaambie watu umeshindwa jioni ile ile, wasije wakamwaga saruji juu ya uongo wako.

Mama Riziki hana simu ya kuingia humu, hatausoma uzi huu. Kwa hiyo hata hapa bado nazunguka, najua.

Kesho nakwenda tena Kasubi. Nipeni neno la kuanza nalo, moja tu, na msinisalimie.