Shangazi na Mstari wa Kanali

Shangazi yangu ameongoza meli kwa redio miaka ishirini na sita, ghorofa ya nne ya mnara wa bandari, kwenye kiti chenye mto aliojishonea mwenyewe. Mlango wa bahari ulio chini ya dirisha lake ni mwembamba. Vita vilipoanza, wakubwa wa pande zote mbili walitangaza kwamba wao ndio wanaoutawala. Shangazi alicheka mpaka akapaliwa na chai. Maji yale hayajawahi kumtii mtu.

Asubuhi moja Kanali wa jeshi letu alipanda ngazi akihema, askari wake nyuma, akachora mstari mwekundu kwenye ramani, palepale panapobana zaidi.

"Kuanzia leo kila meli isimame hapa, tuikague."

"Kanali, hapo hapasimamwi. Mkondo una nguvu. Meli isipokwenda, usukani haushiki. Itazungushwa kama jani mpaka mwambani."

"Mama, hii ni amri ya jeshi."

"Basi upelekee mkondo nakala."

Askari mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Shangazi mwenyewe hakuwa na raha. Meli ya kwanza kwenye foleni ilibeba mafuta, na mpishi wa meli hiyo alikuwa mume wa Shangazi, mwanamume asiyejua kuogelea wala kunyamaza.

Kanali akamsogezea redio. "Waambie wasimame."

"Siwaambii."

"Nitakufunga!"

"Nifunge. Lakini kwanza nionyeshe. Boti yako ya doria ile pale. Ikae kwenye mstari wako dakika tano, injini zimezimwa. Ikikaa, nitakutii mpaka nistaafu."

Kanali, kama wengi waliojifunzia vita kwenye ramani, hakuona tatizo. Akaamuru. Dakika ya kwanza boti ilitulia, akamtazama Shangazi kwa dharau. Ya pili ikageuza ubavu. Ya tatu ikawa inakwenda kinyumenyume, injini zimegoma kuwaka, nahodha wake akitoa redioni maneno nisiyoweza kuyaandika. Ya nne ikapanda fungu la mchanga na kulala, na mabaharia wakaanza kushuka mmoja mmoja, buti mikononi.

Nchi ngapi zingepona kama wachora mistari wangelazimishwa kusimama juu yake wao kwanza!

Redio ikakoroma: "Mnara, hapa meli ya mafuta. Tusimame au tupite?"

Shangazi alimtazama Kanali. Kanali aliitazama boti yake.

"Wapite," akasema, kama mtu anayeomba maji. "Tutawakagua ghubani."

"Piteni, msipunguze mwendo," Shangazi akawaambia. "Na mpishi wenu atoke dirishani, anaharibu mandhari."

"Nimekusikia, mke wangu," sauti ikajibu. "Kanali, pole na boti."

Taarifa ya habari ilisema jeshi limehamisha kituo cha ukaguzi kwa sababu za kimkakati.

Siku ya tatu mumewe alifika nyumbani akilalamika kwamba meli ilikimbia mno, supu yake yote ikamwagika. Shangazi alimwangalia kwa muda mrefu, akamshika mkono, kisha akamwambia akaoge.