Kompyuta Yetu ya Tangini na Mbinu za Kaka Elia

Sisi tuliosoma shule ya msingi wakati nyumba yenye kompyuta inajulikana mtaa mzima tunaelewana bila maelezo mengi. Siku baba alipoileta yetu hapa Tangini, Kibaha, ilikuja nyuma ya pikapu ya kuazima, imeviringishwa shuka la kitandani isije ikagongwa, na watoto wa majirani wakaikimbilia kwa vifijo utadhani bibi harusi ameingia mtaani. Baba alikuwa karani Dar es Salaam, na ofisini kwao walikuwa wameuza mashine zao za zamani. Monita ilikuwa na kisogo kikubwa mpaka meza ikabidi isogezwe mbali na ukuta. Ukiiwasha inaguna kwanza, halafu inavuma, halafu sebule nzima inanuka vumbi lililopata moto. Mpaka leo nikikutana na harufu hiyo kwenye ofisi ya mtu, nasimama kidogo.

Wazazi wetu walitoka Same, na kwa mama kitu cha thamani hakikai wazi. Redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, makochi yalikuwa na vyao, na kompyuta nayo ikapata vyake: kidogo juu ya monita, na kingine kikubwa cha kufunika lile boksi lake la mitambo, lote, mbele na nyuma, rangi ya maziwa na maua mekundu pembeni. Alivifunika hata mashine ikiwa inafanya kazi. Haikupita muda ikaanza kujizima yenyewe. Baba akasema ni virusi. Jirani akasema ni umeme wetu wa Kibaha. Mama akasema imechoka, tuiache ipumzike, na kweli ikipumzika iliwaka vizuri tu, kwa hiyo kwa muhula mzima mama ndiye alikuwa fundi.

Aliyegundua ni kaka yangu, Elia. Tulikuwa wawili tu kwa wazazi wetu, na yeye alikuwa anasoma bweni Kisarawe. Akiondoka, nyumba ilikuwa inapoa. Nilikula mezani nikitazama kiti chake, na nilicheza nage na watoto wa jirani huku nikihesabu moyoni likizo iko wapi. Wenzake walirudi kutoka Kisarawe na korosho za kubanika. Yeye alirudi na mbinu. Shuleni kwao kulikuwa na chumba cha kompyuta ambacho viatu huachwa mlangoni, na kila alichookota mle ndani alikileta nyumbani kichwani, akaniita hata kabla hajafungua begi.

Likizo hiyo alipeleka kiganja nyuma ya lile boksi, akakitoa haraka kama aliyegusa sufuria. “Mama, hii inapumulia huku nyuma, na wewe umeiziba pua!”

Mama alikasirika. “Kwa hiyo wageni wakija waione hivyo hivyo, mgongo wazi?”

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe mama alichukua uzi na sindano yake, akafuma kitambaa kipya chenye dirisha nyuma, na kulizunguka dirisha lile akaweka maua yale yale mekundu. Mashine haikujizima tena. Naamini ilikuwa kompyuta pekee mkoa wa Pwani iliyovaa gauni la kukata mgongo.

Baada ya hapo Elia hakuwa na mpinzani. Siku ilipogoma kuwaka na kulia pii pii pii, alichomoa kile kipande chembamba cha kumbukumbu, RAM, akaniomba raba yangu ya kufutia penseli, akasugua yale meno yake ya dhahabu taratibu, akapuliza, akarudisha. Ikawaka! Nilikwenda na raba ile shuleni nikaonyesha darasa zima. Alinifundisha kubonyeza Control na S, kuhifadhi kazi, kila nikiweka nukta, maana umeme wetu haukuwa na adabu ya kuaga. Alinifundisha pia Alt na Tab, na hiyo tuliitumia kwa dhambi: tukisikia geti tu, karata tunazocheza kwenye kioo zinatoweka na barua ya mazoezi inatokea, na baba anaingia anakuta watoto wake wanajifunza kuchapa. “Hawa watafika mbali,” alikuwa akimwambia mama.

Na mbali tulifika, kila mmoja kwa njia yake. Mimi ninapanga kurasa za vitabu vya watu, humu humu sebuleni. Watoto wa jirani wakija kuchapisha kazi zao za shule wanagusa kioo cha monita kwa kidole, wanasubiri, halafu wananitazama kwa huruma kana kwamba mashine yangu inaumwa. Nikiwaambia watumie kipanya wanakishika kama panya wa kweli. Wakiniona nabonyeza Control na S kila sentensi wananiambia, “Anti, siku hizi inajihifadhi yenyewe.” Najua. Vidole vyangu ndivyo havijui.

Wakiondoka, hakuna anayekuja. Baba alitangulia, mama akafuata, wote tuliwapeleka Same. Elia yuko Dodoma kwenye ofisi yenye mikutano isiyokwisha. Mara nyingi anashuka Dar kwa treni, anapita hapo Soga, kituo cha jirani na kwetu, na ninajua amepita kwa sababu ameniandikia akiwa ameshafika. Simu zetu baada ya msiba wa mama zilibaki salamu tu. Shikamoo kaka, marahaba mdogo wangu, nyumbani wazima, haya tutaongea. Nina upweke, niseme tu ukweli. Kompyuta sasa ni yangu peke yangu, zamu zote ni zangu, na hakuna wa kunisukuma kwenye kiti.

Halafu printa ikanigomea. Safari hiyo nilikuwa nimekwama kweli, nikampigia Elia, na sauti yake ikabadilika papo hapo. Akauliza taa gani inawaka. Akaniambia, “Bonyeza, usiogope, hailipuki.” Tukacheka. Printa ilipokubali tulikuwa tumeshaongea habari za watoto wake, za mgongo wake unaomsumbua, mpaka za mama na vitambaa vyake. Nilipokata simu chai yangu ilikuwa imepoa.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuharibikiwa. Mara maandishi yamegeuka herufi kubwa, mara faili halionekani. Vyote navijua, ndiyo kazi inayonilisha. Lakini namwambia kaka mashine inanisumbua, na kaka anakuwa wangu kwa muda.

Wiki hii nilimwandikia nikamuuliza ninawezaje kuweka kurasa mbili ubavu kwa ubavu kwenye kioo kimoja, jambo ninalolifanya kila siku ya Mungu. Nikakaa na simu mapajani. Enzi zetu mbinu ilikuwa haiji bila mtu. Ilibidi imngoje aliyeijua afunge shule, apande gari, ashuke, akae kando yako akuwekee mkono juu ya mkono. Siku hizi mbinu zimejaa kila mahali, na mtu wa kukaa kando yako ndiye haonekani.

Elia alijibu upesi. Hakupiga. Alinitumia video, na chini yake akaandika: “Angalia hii mdogo wangu, ameeleza vizuri kuliko mimi.”

Niliitazama yote. Ni kijana nisiyemfahamu, mpole, anaeleza polepole, anarudia kwa wasioelewa. Nikamwandikia kaka kwamba nimeelewa, ahsante sana. Akanirudishia kidole gumba.