Freshi, Ila Nini?

Ipo siku moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu Tumaini. Ni siku kaka yangu Yona aliposhuka kwenye treni pale stesheni yetu ya Zuzu, begi begani, kavaa miwani ya jua na kofia ya kitambaa. Nilikuwa msichana bado. Naiandika kwa ajili yako, ingawa sijui kama mkono wangu wa darasa la saba utaifikisha inavyostahili. Nikikosea mahali, wewe mjukuu wangu uliyesoma utanirekebisha. Na nikimwonea mtu, nisamehewe, maana ninaowataja hapa walikuwa watu wazuri, na wengi wao hawapo tena kujitetea.

Kwanza nikueleze neno lenyewe, kwa sababu nyumbani kwetu tulilichukia miaka mingi, na sasa naona tulilionea.

Freshi nililijua kwa maziwa. Mama alikuwa akiuza maziwa stesheni, nami nikimbebea ndoo. Treni ikisimama, abiria wanachungulia dirishani: "Mama, mgando huo au freshi?" Freshi ni yale ya asubuhi hiyohiyo, hayajalala. Basi. Mwalimu wetu alisema ni Kiingereza, maana yake kitu ambacho hakijachacha wala kunyauka, nikaliweka hivyo, neno la ndoo. Baadaye vijana wakalitoa kwenye ndoo wakalivalisha nguo: shati freshi, viatu freshi, fulani katoka freshi. Halafu likawa jibu la salamu. Mambo? Freshi. Na aliyetaka kuonekana mjanja zaidi, freshi barida. Wewe uliniambia kwamba hata huko Marekani vijana weusi waliligeuza hivyohivyo kwenye muziki wao, likatufikia likiwa limeshageuka. Inawezekana, mimi sina ushahidi. Siku hizi namsikia hata aliyekasirika akisema "haya, freshi," ili kumaliza maneno, kisha anageuka anaondoka. Neno limetoka kwenye maziwa limefika kwenye hasira. Silishangai. Hata sisi watu tunageuka.

Sasa turudi kwa Yona.

Kwetu, au niseme nyumbani kwa baba, maana siwezi kusemea nyumba zote za Wagogo, salamu ilikuwa na mizunguko miwili. Mzunguko wa kwanza kila kitu ni kizuri. Watu? Wazima. Ng'ombe? Wazima. Mvua? Ipo. Hata kama umetoka kuzika jana, unasema nzuri. Halafu mgeni anapewa kigoda, analetewa maji. Akishakunywa, mkubwa wa nyumba anasema, "Haya, tupe habari." Hapo ndipo mgeni anajibu, "Nzuri, ila..." Na baada ya hiyo ila ndipo yanapotoka yenyewe: ugonjwa, njaa, msiba. Mdogo hawezi kuanza ila yake kabla mkubwa hajamfungulia. Ataonekana hana adabu, au amekuja kulialia.

Yona alipoingia uani nilimrukia. "Weee, mtu wa Dar! Na hiyo miwani, zizi unaliona kweli?"

"Naliona freshi, mdogo wangu. Tatizo harufu."

Shangazi Mele, dada yake baba, akaja anapiga makofi. "Hebu nikushike. Mbona umekonda kama mpini? Huko Dar hawasongi ugali?"

"Wanasonga, shangazi. Wanasonga wanakula wenyewe."

Baba alikuwa kwenye kivuli cha ukuta wa tembe, anasokota kamba. Yona akavua kofia, akainama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Za huko?"

"Freshi."

"Za safari?"

"Freshi, mzee. Freshi barida."

"Nimekuuliza habari," baba akasema, "sijaulizia maziwa."

Tulicheka sana, mwanangu. Yona naye alicheka mpaka akakohoa, akashika ukuta. Baba hakucheka. Nafikiri, na ni kufikiri tu, aliona mwanawe amemletea salamu iliyokatwa, kama mtu anayekupa mkono huku anatazama pembeni. Nilileta maji. Yona akanywa, akashusha kata, akabaki ameishika kwa mikono miwili, anamtazama baba. Hapo ndipo yale maneno yalipotakiwa. Baba akakunja kamba yake, akainuka, akaenda zizini.

Siku zile alizokaa nasi, kila asubuhi Yona alimfuata baba kwenye ua wa zizi. Alimkatia miiba, akamshikia, akamsogezea. Baba alizungumza habari za miiba. "Vuta hapo. Kaza. Imekaa?" Na Yona akajibu, "Freshi." Mimi na mama tulisema Dar imemfunza kazi, tazama anavyojituma na afya yenyewe hiyo. Hatukuona zaidi.

Siku ya kuondoka nilimsindikiza stesheni.

"Mzee mgumu yule," akaniambia.

"Na wewe umezidi maringo. Si ungemjibu kama watu?"

Akaitazama reli. "Nimezoea tu, mdogo wangu. Kule ukisema zaidi ya hapo, hakuna anayekaa kukusikiliza."

Treni ikaingia, akapanda, akanipungia ile kofia.

Uwele ulikuwa haujaiva bado alipoletwa kuzikwa.

Aliyemleta ni Hamisi, kijana Mrangi wa Kondoa, aliyekuwa akilala na Yona chumba kimoja huko Dar na kupakia naye mizigo. Baada ya maziko, Hamisi aliitwa mbele ya baba, akapewa kigoda, akapewa maji. Na baba, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yake, akasema, "Haya, mwanangu, tupe habari."

"Nzuri, mzee," Hamisi akasema, "ila Yona alikuwa anaumwa kifua muda mrefu. Daktari alimwambia matibabu yake si ya siku moja, yanataka mtu wa kumtunza na chakula cha uhakika. Nikamwambia nenda kwenu. Akaja. Aliporudi nikamuuliza, vipi, umewaambia? Akasema, mzee hakuniuliza."

 

Nimejaribu miaka yote hii kuwa mwadilifu katika jambo hili. Yona angeweza kusema bila kuulizwa, alikuwa mtu mzima. Baba angeweza kuuliza na hasira yake hivyohivyo. Sisi wengine tulikisikia kile kikohozi. Na sijui kama dawa zingemponya, Hamisi mwenyewe hakusema hivyo. Ninachojua ni kwamba baba na mwanawe walikaa kwenye ua mmoja, huyu anasubiri aulizwe, yule anasubiri asalimiwe upya, na kila mmoja aliona anafuata adabu. Neno halikumuua mtu. Waliolaumu neno, na mimi nilikuwemo, tulitafuta pa kuweka uchungu.

Matanga yalipokwisha, baba akaanza kuwa na jambo la ajabu. Watu walikuja kumjulia hali, na katekista wa kanisani kwetu alikuja mara kwa mara. "Mzee, unaendeleaje?" Na baba, aliyelikataa lile neno mdomoni mwa mwanawe, anajibu, "Freshi."

Wengine walidhani anatania. Mama aliingia ndani kila alipolisikia. Likawa jibu lake kwa kila mtu: ng'ombe freshi, usingizi freshi, mwili freshi, naye nguo zinamning'inia. Sijui kama alilisema kwa kumkumbuka Yona au kwa kujificha. Labda yote mawili.

Ndipo Shangazi Mele alipokuja asubuhi moja, akamkuta palepale ukutani.

"Umeamkaje, kaka?"

"Freshi."

"Freshi, ila nini?"

Shangazi akaingia ndani, akatoka na kata ya maji, akampa. Alikuwa mdogo kwake, tena mwanamke, na nyumba haikuwa yake, kwa hiyo haikuwa zamu yake kusema alichosema. Akajivutia kigoda, akakaa.

"Kunywa. Ulimngoja mtoto akusalimie vizuri, na mtoto akangoja umuulize. Sasa na wewe unangoja nani? Mimi singoji. Haya, tupe habari."

Baba akanywa. Akashusha kata akaishika kwa mikono miwili, vilevile nilivyomwona Yona akiishika. "Nzuri," akasema. "Nzuri, ila mwanangu alinitazama, nami nikaenda zizini."

Akalia mpaka jua likamfikia pale ukutani. Shangazi hakumnyamazisha. Alikaa naye tu, na mama akatoka, akakaa naye, nami nikakaa. Kuanzia siku hiyo baba akaanza kula, kidogo kidogo. Hakupona. Ila hakubaki peke yake.

Sasa sikiliza, mwanangu. Jumapili iliyopita ulikuja kutoka Miyuji. Ukaniamkia vizuri, nikakuuliza za kazini kwenu Mtumba, ukasema, "Freshi, bibi." Nikakuuliza za nyumbani, freshi. Mlenda hukuumaliza, na wewe mlenda wangu huwa unakomba chungu. Ukatazama simu, ukatabasamu kwa nguvu, ukaondoka mapema. Jioni nikakupigia hukupokea, ukatuma neno hilohilo pamoja na kile kikatuni kinachocheka. Huenda ni uchovu tu. Huenda bibi yako amezeeka anaona vivuli. Nikikosea, tutacheka.

Lakini nasaha yangu ni hii. Usiliache neno lako, ni zuri, limesafiri mbali kukufikia. Sema freshi kwa dereva, kwa wenzako wa ofisini, kwa kila anayepita haraka. Ila kwa mtu wako, usiliache lisimame peke yake, liongezee ila yake, hata kama hakuna aliyekufungulia. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mkubwa wa nyumba, usingoje kujibiwa upendavyo. Mtoto akikusalimia kwa lugha usiyoipenda, ipokee, mpe maji, kisha muulize mara ya pili. Ile ya kwanza kila mtu huijibu. Ya pili ndiyo wengine wamesafiri mbali kuja kuisubiri.

Mungu akulinde njiani na kazini. Akupe watu wa kukaa nawe ukiwa na ya kusema, na akupe subira ya kukaa na wengine. Chochote kilicho moyoni mwako, kisikukute peke yako.

Nami Jumapili hii sitangoja. Kigoda nimekiweka ukutani, maji yapo. Ukishakunywa nitakuuliza, ila nimeona nianze hapahapa, usije ukapata shida ya kunitazama ukingoja.

Haya, Tumaini. Tupe habari.