Dakika Kumi na Moja za Kumwinamia Baba

Watu kumi na saba walimwinamia baba yangu kwa dakika kumi na moja, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Hakuna aliyeinua kichwa. Hakuna hata aliyekohoa.

Najua wapo watakaosema natunga. Semeni tu, jamani. Nimeshasikia mengi mwaka huu.

Baba yangu alikuwa fundi saa. Miaka arobaini na ushee ameketi kwenye meza ile ile, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, kibano mkononi. Utotoni nilikuwa nakaa karibu naye nikitoka shule. Akihitaji kitu hakuwa na nafasi ya kuinua jicho wala kufungua mdomo, maana pumzi tu ingerusha kile kiskurubu. Aligonga meza kwa kidole mara mbili. Maana yake: njoo.

Na kwenye mambo ya muda alikuwa balaa. Ukimwambia utarudi saa kumi ukarudi saa kumi na robo, anakuuliza hiyo robo umekula na nani.

Mama alipofariki, baba aliacha kazi. Hakumtangazia mtu. Aliweka kibano kwenye droo, akafunga droo, akahamia kwenye kochi na kuangalia ukuta.

Mimi ndiye niliyebaki naye. Nashona nguo hapa hapa nyumbani, chumba cha mbele, kwa hiyo nilimwona mchana kutwa akiisha. Kaka yangu yuko mbali. Yeye ni wa kupiga simu na kuuliza, "Mzee anakula?"

"Anakula," namjibu.

Vijiko vitatu, anasukuma sahani.

Niseme ukweli, nilikuwa naogopa. Nilijua kabisa kwamba mzee anamfuata mama, na mimi nitabaki na cherehani yangu kwenye nyumba hii.

Sasa, nina mteja wangu mmoja, nesi. Alikuja kupima gauni akamkuta baba na ukuta wake. Akaniambia yeye yuko kwenye kundi moja mtandaoni. Kila Jumamosi saa nne asubuhi wanafanya chai ya Kijapani, kila mtu kwake, kwa simu.

"Wanafanya chai? Hawanywi?"

"Kunywa ni mwisho kabisa, shoga yangu. Kwanza unajifunza kutulia."

Jumamosi ile nikamwekea baba simu mezani nikakaa mkao wa kufokewa.

Mwalimu alikuwa bibi wa Kijapani mwenye nywele nyeupe, amepiga magoti kwenye chumba kisicho na kitu. Pembeni kulikuwa na dada mkalimani, anageuza kila neno kwa Kiswahili. Saa nzima walifundisha namna ya kukunja kitambaa cha kufutia kijiko. Kitambaa tu. Nikasema hapa mzee anazima simu sasa hivi.

Baba akainuka. Akaenda kwenye droo, akarudi na kioo chake, akakibana jichoni na kuvikagua vile vidole vya bibi kwenye simu.

"Huyu mama anajua kazi," akasema.

Ilikuwa sentensi yake ya kwanza nzima tangu msiba. Niliingia bafuni nikalia.

Basi mzee akakolea. Kuna kijifagio cha mwanzi cha kukorogea ile chai ya unga ya kijani. Hatukuwa nacho. Baba akatafuta mwanzi, akaupasua kwa visu vyake vya saa, uzi kwa uzi. Cha kwanza kilitoka kama brashi ya choo. Nilicheka mpaka nikajidunga sindano.

"Cheka tu," akasema. "Cha tano utakipigia magoti."

Na cha tano nilikipigia magoti kweli, katikati ya vitambaa vya watu.

Akachukua chumba cha nyuma kikawa chake. Mkeka mmoja, bakuli la supu la marehemu mama, simu imeegemea kopo langu la vifungo. Ijumaa ananyoa ndevu. Sahani inarudi jikoni nyeupe. Kaka akipiga simu namwambia anakula, na safari hii sidanganyi.

Kundi lile lilikuwa na sheria moja ambayo Mwalimu aliikazia kuliko zote. Mwisho wa chai mwenyeji anainama, viganja sakafuni, na wageni wote wanainama naye. Mgeni hainui kichwa mpaka mwenyeji ainue kwanza.

"Huo ni muda wake," mkalimani alisema. "Mtu hakatizwi muda wake."

Baba aliipenda sheria hiyo kupita kiasi.

Mimi nikaivunja. Jumamosi moja nilisikia harufu jikoni, nikafungua mlango wa chumba cha nyuma bila hodi. "Baba, gesi umezima?"

Wote walikuwa wameinama. Kwenye simu mtu mmoja akaangua kicheko, wengine wakafuata.

Baba hakujibu. Hakujibu siku hiyo wala kesho yake. Siku nne tulipishana koridoni kama wapangaji waliogombana. Sahani zikaanza tena kurudi na chakula.

Siku ya tano akasema, "Umenikatiza mbele ya watu wangu."

"Nisamehe, baba. Hata nyumba ikiungua, sirudii."

Mkumbuke maneno hayo.

Zamu yake ya kuwa mwenyeji ilifika baada ya miezi mitano. Asubuhi hiyo nilikuta kikaratasi kwenye cherehani, kwa ule mwandiko wake wa kutumia rula: *Fundi wa chumba cha mbele anakaribishwa chai. Saa nne kamili.*

Nikamfuata. "Baba, si nikae tu humo ndani na wewe?"

"Mgeni hakai mgongoni kwa mwenyeji. Kaa kwako na simu yako, kama wenzako."

Basi nikatandika khanga chumba cha mbele, nikapiga magoti, simu mbele yangu. Sauti niliizima, maana simu mbili zikikaribiana zinapiga mluzi, na sikutaka kumharibia.

Alikuwa amependeza. Shati jeupe, shingo imenyooka. Alifuta kijiko, akakoroga, akaligeuza bakuli mara mbili kama inavyotakiwa. Kisha akaligeuza tena. Na tena. Akasimamisha mkono, akaliangalia kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.

Ni woga, nikasema moyoni. Siku yake kubwa.

Halafu akainama. Alikwenda chini polepole, mpaka paji la uso likagusa mkeka. Tukainama wote.

Muda ukapita. Magoti yakaanza kuniuma. Nikafikiri, leo mzee anamwaga yote, anaongea na mama. Nililia pale chini, na kilikuwa kilio cha furaha. Nilimshukuru Mungu kwamba nimemrudisha baba yangu.

Simu ikaanza kutetemeka pale mbele yangu, mtu ananipigia. Alikuwa nesi. Yeye ndiye aliyethubutu kuinua kichwa. Alikuwa ameita wee kwenye kundi, na sauti yangu nimeizima.

"Nenda kwa mzee," akasema. "Nenda sasa hivi."

Nilimkuta bado ameinama. Nilipomgeuza, mdomo ulikuwa umekwenda upande na chai ya kijani imemlowesha shati. Mkono wa kulia haukuwa na habari.

Kiharusi.

Hospitali daktari akaniuliza kilianza saa ngapi. Watu wengi hawajui, wanakisia. Mimi nilikuwa na jibu kamili, maana mkalimani hurekodi kila Jumamosi. Tangu kichwa kiguse mkeka mpaka simu ya nesi: dakika kumi na moja.

"Siwezi kukwambia dakika hizo zingebadilisha nini," daktari akasema. "Na siwezi kukwambia zisingebadilisha kitu."

Mwalimu alinipigia kwa picha. Aliinama tu mbele ya kamera na hakuinuka. Nilishindwa kumtazama, nikakata simu. Baada ya hapo kundi lilivunjika, kila mtu akaondoka kimya kimya.

Kaka alikuja, akanishika bega. "Hukuwa na namna ya kujua. Kila mtu aliona ameinama tu."

Nikatikisa kichwa kukubali. Majirani wamesema hivyo hivyo, na nesi pia, na wote nimewakubalia.

Kuna jambo sijamwambia yeyote. Naliandika hapa kwa sababu hamnijui.

Simu yangu haikuwa na sauti, lakini ukuta wa nyumba yetu ni mwembamba. Nikiwa nimeinama pale kwenye khanga nilisikia kidole kinagonga sakafu upande wa pili. Mara mbili. Kikanyamaza. Mara mbili tena. Kikanyamaza. Mara mbili.

Nilisikia, jamani. Na nilijua maana yake, nimeijua tangu nikiwa na miaka saba.

Niliinua kichwa kidogo. Kisha nikakumbuka gesi, kicheko cha wale watu, siku nne za koridoni, na ahadi yangu. Nikasema atanifokea mbele ya watu wake.

Nikarudisha kichwa chini.

Baba yuko hai. Analala chumba cha nyuma, pale pale palipokuwa na mkeka. Haongei. Upande wa kulia umekufa, na daktari ameshaacha kunipa tarehe za kurudi. Kijifagio cha tano nimekifungia kwenye droo pamoja na kibano.

Mkono wa kushoto bado unafanya kazi. Anagonga ubao wa kitanda mara mbili, nami natupa nguo ya mteja chini na kukimbia. "Nipo, baba. Unataka nini?"

Nampa maji, hataki. Namgeuza, siyo hilo. Ananitazama usoni mpaka anachoka, anahamisha macho ukutani. Siku haipiti bila kugonga mara kumi, na sijawahi hata mara moja kujua alichoniitia.

Wewe unayesoma, kama una mzee ndani na ukasikia anakuita, nenda. Mkatize, mwaibishe mbele ya wageni wake. Atanuna siku nne, na siku nne zinakwisha.

Natamani baba aninunie tena, hata mwaka mzima.